Fundi akimaliza sevisi, kazi ya mwenye pikipiki ndiyo inaanza

BOLTI moja na nati yake haizidi Sh1,000 katika duka la spea la hapa kwetu Kiseke. Bolti ya namna hiyo ilinigharimu Sh179,000 ndani ya wiki moja, na nusura igharimu uhai wa watu wawili. Nimeona niandike habari hii kwa sababu najua siko peke yangu. Wenye pikipiki za biashara hapa Mwanza, na wakulima na wafugaji wanaotegemea pikipiki hizo kufikisha mali sokoni, tunapoteza fedha nyingi kwa makosa madogo yanayofanyika siku ileile tuliyoipeleka pikipiki ikatengenezwe.

Ilikuwa siku ya Alhamisi. Kijana anayeendesha pikipiki yangu aliipeleka kwa fundi asubuhi kwa sevisi ya kawaida: kumwaga oili, kusafisha plagi na chujio la hewa, kukaza cheni na kubadilisha breki za nyuma zilizokuwa zimekwisha. Ili breki hizo zibadilishwe, ni lazima gurudumu la nyuma litolewe. Na ili litoke, ni lazima ifunguliwe bolti inayoushika ule mkono wa chuma unaozuia kifuniko cha breki kisizunguke pamoja na gurudumu. Saa 9 alasiri kazi ikaisha. Kijana akalipa, akawasha, akaondoka kumfuata abiria aliyekuwa akimsubiri, mama mmoja mfugaji wa kuku anayepeleka mayai soko la Kirumba.

Hawakufika Kirumba. Kwenye mteremko wa changarawe, kabla hawajaingia kwenye lami, kijana alikanyaga breki ya nyuma. Ile bolti ilikuwa imerudishwa kwa vidole bila kukazwa kwa spana, na pini ya kuizuia nati isifunguke haikuwekwa. Mtikisiko wa njia ulikuwa umeshaidondosha. Kifuniko cha breki kikazunguka, vyuma vikajikunja, gurudumu likajifunga ghafla. Wote wawili wakaanguka.

Tunamshukuru Mungu hakuna aliyepoteza maisha. Mama aliteguka kifundo cha mkono, kijana alichubuka goti na kiwiko. Lakini hasara ilikuwepo. Trei sita za mayai kwa Sh9,000 kila moja ni Sh54,000. Matibabu yao wote wawili Sh25,000. Kutengeneza pikipiki Sh68,000. Siku nne bila hesabu, kwa Sh8,000 kwa siku, ni Sh32,000. Jumlisha mwenyewe, ndugu msomaji.

Makosa ya fundi si lazima yawe ya ujinga

Nilipokwenda kwa fundi nilikuwa nimejaa hasira. Hakukataa kosa. Alinieleza kwamba alipokuwa na spana mkononi, mteja mwingine alimwita aje asikilize injini inayogonga. Alipotoka huko akarudi kwenye pikipiki yangu na kuendelea na cheni, akiamini ile bolti alishaikaza. Fundi huyo ana uzoefu wa miaka mingi na hapa mtaani anasifika. Hakukosea kwa sababu hajui kazi. Alikosea kwa sababu alikatishwa katikati ya kazi, na hakukuwa na mtu wa pili wa kuiangalia.

Kosa la aina hii haliko Kiseke peke yake. Sisi wakazi wa Ilemela tumezoea kuziona ndege zikipaa na kutua katika uwanja wetu wa Mwanza, na tunaamini kwamba huko juu kila kitu kimekaguliwa. Lakini Juni 10, 1990, ndege ya Shirika la British Airways iliyokuwa ikitoka Birmingham, Uingereza, kwenda Malaga, Hispania, ilichomoka kioo cha mbele cha upande wa rubani ikiwa angani. Rubani akavutwa na upepo hadi nusu ya mwili wake ikawa nje. Wahudumu walimshika miguu huku rubani msaidizi akiishusha ndege Southampton. Rubani yule alipona.

Uchunguzi ulionyesha kwamba kioo hicho kilikuwa kimebadilishwa saa 27 tu kabla ya safari. Kati ya bolti 90 zilizokishika, 84 zilikuwa nyembamba kuliko zilizotakiwa na 6 zilikuwa fupi. Aliyezifunga alikuwa fundi mwenye cheo na uzoefu, aliyezichagua kwa kuzilinganisha na zile za zamani. Kazi yake haikukaguliwa na mtu mwingine. Ikiwa ndege imeweza kutoka kwenye matengenezo ikiwa na hatari kuliko ilivyoingia, pikipiki inayotengenezwa chini ya mwembe, huku wateja watano wakisubiri, itakosaje?

Dawa ya jambo hili ni rahisi, na Tanzania ilishiriki kuithibitisha. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikiwa kabla, wakati na baada ya upasuaji, yakiwemo kuhesabu vifaa na sponji kabla mgonjwa hajatoka chumba cha upasuaji. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane duniani, na mmoja wa miji hiyo ni Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kwamba vifo vya wagonjwa waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8, na madhara makubwa yakashuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Madaktari hawakuona kwamba karatasi ile inawatukana. Kwa nini basi fundi pikipiki, au mimi mwenye pikipiki, nione haya kukagua?

Dakika 15 za kukagua

Baada ya ajali ile nilikaa na kijana wangu na fundi yuleyule tukakubaliana utaratibu. Sasa hakuna pikipiki yangu inayotoka kwa fundi kabla ya ukaguzi wa dakika 15. Haudai mashine wala elimu kubwa. Nauweka hapa ili mwenye kuutaka autumie.

Jambo la kwanza ni kuuliza: leo umefungua nini? Chochote kilichofunguliwa ndicho cha kutiliwa shaka. Kama fundi alitoa gurudumu la nyuma, angalia nati ya ekseli, bolti ya ule mkono wa breki na pini yake, nati ya kurekebishia breki, na cheni. Kama alimwaga oili, angalia nati ya chini ya injini na wosha yake. Kama alifungua kabureta, angalia mpira wa petroli na klipu zake. Omba pia spea za zamani uzione. Breki iliyokwisha inaonekana kwa macho, na ukiishika mkononi unajua kweli imebadilishwa.

Pili ni oili. Simamisha pikipiki wima mahali tambarare. Ukipima ikiwa imeegemea stendi ya pembeni utadanganywa. Iwashe dakika chache, izime, subiri kidogo oili ishuke, kisha pima. Pikipiki nyingi za abiria za cc 100 hadi 150 huchukua oili kama lita moja, lakini mwamuzi ni kitabu cha pikipiki yako na alama za kipimo chake. Oili iliyopungua inaua injini, na iliyozidi nayo inaleta madhara kwenye sili na kuzalisha moshi. Weka karatasi au kipande cha boksi chini ya injini huku ukiendelea na mengine. Ukirudi ukakuta tone, usiondoke.

Tatu ni cheni. Isukume juu na chini katikati ya magurudumu yake mawili ya meno. Kwa pikipiki nyingi inatakiwa icheze kama sentimita 2 hadi 3. Ikikazwa mno inakula beringi na meno, na ikilegea mno inaruka. Zungusha gurudumu ukiipima sehemu kadhaa, kwa sababu cheni iliyochakaa hukaza upande mmoja na kulegea mwingine. Linganisha alama za kurekebishia gurudumu kushoto na kulia, maana zikipishana gurudumu limekaa upande. Kisha tazama loki ya cheni, kile kiungo chenye klipu. Upande wa klipu uliofungwa ndio unaotangulia kule cheni inakoelekea, na ule uliopasuka unafuata nyuma. Ikiwekwa kinyume, inaweza kuchomolewa na kitu chochote kitakachoigusa njiani.

Nne ni breki. Nyanyua gurudumu, lizungushe kwa mkono. Lizunguke bila kukwaruza sana, na breki ikishikwa lisimame palepale. Kwa pikipiki yenye breki ya diski, ikiwa padi zimebadilishwa, minya breki mara kadhaa kabla ya kupanda. Mara ya kwanza mkono wa breki unaweza kwenda hadi mwisho bila kushika kitu, na mwenye kuligundua hilo akiwa barabarani amechelewa. Hakikisha pia taa ya nyuma inawaka kwa breki ya mkono na ya mguu.

Tano ni eksileta na nyaya zake. Ikiwa injini imezimwa, vuta eksileta kisha iachie. Irudi yenyewe haraka. Halafu washa injini, iache katika sailensa, na ugeuze usukani hadi mwisho kushoto na kulia. Mlio ukipanda wakati wa kugeuza, waya wa mafuta umepitishwa vibaya na unavutwa. Pikipiki ya namna hiyo itajiongezea mafuta yenyewe siku unapokata kona na abiria nyuma. Klachi nayo iwe na nafasi ndogo ya kucheza kabla ya kuanza kushika.

Baada ya hapo panda mwenyewe, bila abiria wala mzigo, uzunguke mwendo mdogo mita mia chache karibu na gereji. Shika breki ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake. Sikiliza sauti ambayo jana haikuwepo. Ukirudi, gusa kwa mbali kitovu cha kila gurudumu. Kikiwa cha moto wakati umekwenda mwendo mfupi hivyo, breki inakwaruza. Kisha kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda kijiweni, pitisha spana tena kwenye nati zilizofunguliwa jana. Kitu kipya hujikalisha mahali pake baada ya kutembea, na nati iliyokuwa imekaza inaweza kukutwa imelegea.

Katika miezi iliyofuata utaratibu huu umetuonyesha loki ya cheni iliyowekwa kinyume, waya wa spidomita ambao haukurudishwa, na kitambaa cha kufutia mikono kilichosahaulika ndani ya boksi la chujio la hewa. Hakuna hata kimoja kilichotugharimu, kwa sababu kilionekana tukiwa bado pale kwa fundi.

Hesabu ndiyo inayotuponza

Kuna swali ambalo wenye pikipiki wenzangu hawatalipenda. Kama ukaguzi ni wa dakika 15 tu, kwa nini haufanyiki?

Jibu liko kwenye mfumo wetu wa hesabu. Utaratibu unajulikana: dereva anampelekea tajiri kiasi kilichopangwa kila siku, kinachobaki ni chake. Kwa kawaida petroli na oili ni juu ya dereva, na spea kubwa ni juu ya tajiri. Wengine wana mkataba, ambapo dereva hulipa kila siku hadi muda uliokubaliwa uishe, na pikipiki inakuwa yake. Katika utaratibu wote huo, siku ya sevisi hesabu inadaiwa kama siku nyingine. Saa anazokaa kwa fundi ni saa za dereva kukosa chakula cha watoto wake. Fundi naye analipwa kwa kazi iliyokwisha, si kwa kazi iliyokaguliwa. Tajiri yuko kazini kwake au dukani. Watu watatu wanakula kutokana na pikipiki moja, na hakuna hata mmoja kati yao anayelipwa kuhakikisha kwamba bolti imekazwa.

Naomba nikiri. Mchana ule wa Alhamisi nilimpigia simu kijana wangu mara mbili. "Kijana, mbona leo kimya? Hesabu vipi?" Naye akanijibu kwa adabu zote, "Bosi, bado niko kwa fundi, natoka sasa hivi." Alitoka sasa hivi kweli, na bolti ikabaki haijakazwa. Kwa hiyo nilipokwenda kumgombeza fundi, nilikuwa nimemsahau mkosaji wa tatu, ambaye ni mimi.

Kuanzia hapo nimepunguza hesabu kwa nusu kila siku ya sevisi. Wenzangu wananicheka, wanasema nawadekeza madereva. Tufanye hesabu. Pikipiki inayotembea kilomita 100 kwa siku inafikisha kilomita 1,000 kwa siku 10, kwa hiyo tuseme inakwenda kwa fundi mara tatu kwa mwezi. Nusu ya Sh8,000 mara tatu ni Sh12,000 kwa mwezi, sawa na Sh144,000 kwa mwaka mzima. Ile bolti ilikula Sh179,000 kwa wiki moja. Anayedekeza ni nani, na anayepoteza ni nani?

Nini kifanyike

Wapo watakaosema kukagua ni kazi ya fundi, maana ndiye aliyelipwa. Ni kweli fundi anawajibika, na nchi yetu ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 yenye vifungu vya kumlinda mlaji. Lakini fikiria unakwenda kudai nini na kwa ushahidi gani, wakati huna risiti wala karatasi inayoonyesha kilichofunguliwa, na bolti yenyewe imedondokea kwenye changarawe. Haki bila maandishi ni ngumu kuipata. Tena hakuna sheria inayorudisha mguu uliokatika.

Ndiyo maana napendekeza daftari dogo liwepo ndani ya kila pikipiki ya biashara. Liandikwe tarehe, kilomita, vilivyofunguliwa, spea zilizowekwa, na saini mbili, ya fundi na ya aliyekagua. Fundi wangu alisita mwanzoni, akadhani natafuta ushahidi wa kumpeleka polisi. Leo ndiye anayelidai daftari. Ameona kwamba linamlinda yeye pia: pikipiki ikipata hitilafu mahali ambapo hakugusa, hakuna wa kumsingizia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na pikipiki ni mali.

Mafundi nao nawaomba jambo moja. Mkikatishwa katikati ya kazi, msiendelee pale mnapodhani mlifikia. Rudini mwanzo wa sehemu hiyo, mpitishe spana upya. Sisi wateja tuache kumwita fundi aliyeshika pikipiki ya mwenzetu. Ukimwona ameinama kwenye gurudumu, subiri.

Aidha, mafundi wengi wa mitaani wamejifunza kwa kushikishwa spana na waliowatangulia, na wengi ni hodari. VETA, ambayo ina chuo hapa Mwanza, imekuwa na utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa na kutoa vyeti. Ni vyema mafundi pikipiki wautumie, na ukaguzi wa mwisho wa kazi uwe sehemu muhimu ya mafunzo hayo. Vyama vya bodaboda, ambavyo vinajua kukusanya michango ya misiba na ya faini, vingeweza kununua spana chache na pampu ya upepo kwa kila kijiwe, ili ukaguzi wa asubuhi usiwe na kisingizio.

Serikali ilitunga kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji mwaka 2010, wakati huo zikisimamiwa na SUMATRA, na tangu 2019 kazi hiyo iko LATRA. Tumezoea kusikia kuhusu leseni, kofia ngumu na mishikaki. Yote ni ya lazima. Lakini hakuna askari wala ofisa atakayeinama chini ya pikipiki yako pale kwa fundi, saa 9 alasiri, akagundua kwamba pini haipo. Huyo ni wewe.

Pikipiki hizi ndizo zinazopeleka samaki kutoka Igombe na Kayenze, mboga na maziwa kwa wateja wa mjini, na dawa za mifugo kwa wafugaji wa pembezoni. Zikilala, si dereva peke yake anayelala njaa. Yule mama wa mayai nimemlipa, na mkono wake umepona. Bado anapanda pikipiki yangu kwenda Kirumba. Ila siku hizi, kabla hajapanda, anamuuliza kijana: "Mwanangu, jana ulikuwa kwa fundi? Umekagua?" Kila abiria akianza kuuliza hivyo, tutakagua wote.

Mwandishi wa makala haya ni mfanyabiashara mdogo anayemiliki pikipiki mbili za abiria, mkazi wa Kiseke, Mwanza.